Pono wa Harusi ya Mizna

Mizna alianza kuipanga safari hii siku ya saba ya ndoa yake, akamaliza kuipanga mwaka jana. Katikati hapo alizaa watoto watano, akawazika wakwe zake, akaota mvi, na mimi jirani yake nikang'oka meno yote isipokuwa haya mawili ya kusengenyea.

Sisi wawili ni wa kisiwani, Farasani. Tuliolewa huku bara, Jizani, ambako ukipanda darini unaiona bahari lakini kwenu hukuoni. Mimi niliolewa na baharia, nikawa nakwenda na kurudi. Mizna aliolewa na Mufarih, mkamua ufuta, mtu aliyezunguka duara moja nyuma ya ngamia wake wa kinu maisha yake yote, na ambaye maji yakizidi karai husoma dua.

Kwetu bi harusi hakamiliki mpaka ale pono wa mumewe. Mara moja kwa mwaka, baridi ikishaondoka na mwezi umeshapevuka, matumbawe hutoa harufu. Harufu huingia mjini kimya kimya kama mgeni aliyevua viatu, na siku mbili baadaye pono huja ghubani, kundi juu ya kundi, hata maji yakabadilika rangi. Wanaume huwazungushia nyavu. Mkubwa wao akipiga ukelele, wote hukimbilia majini kukamata kwa mikono. Bwana harusi mpya hutoka na pono wake, akampelekea mkewe ufukweni, na hapo ndipo mke hujifunga asumini kichwani.

Mizna aliolewa mwezi wa pono. Mufarih alivushwa kutoka Jizani amelala chini ya blanketi, watu wakidhani ni mzigo. Ukelele ulipopigwa, alisimama mchangani na viatu vyake mguuni.

"Mwakani, inshallah," akasema. Akarudishwa chini ya blanketi lile lile, na mke pembeni, kichwa kitupu.

Hiyo mwakani ilikuwa na miaka arobaini na miwili ndani yake.

Kila mwaka mwezi ukianza kujaa, mimi na Mizna tulipanda darini kupanga.

"Tutalala chumba gani, shoga?"

"Kile cha dirisha la bahari."

"Na mimi?"

"Wewe utalala ukumbini, unakoroma."

Nyumba hiyo ya wazazi wake kule kisiwani ilianguka zamani, mimi najua na yeye anajua. Lakini tukiwa pale juu tuliifagia, tukatandika mikeka, tukafungua dirisha. Upepo wa asubuhi ukaingia, pazia likavimba kama shavu la mtoto anayepuliza. Tulikaa humo hata chai ikapoa mikononi mwetu, chai ya Jizani, na sisi tuko Farasani.

Mwaka jana Ahlam, bintiye, ambaye ni mwalimu, akaja na simu mkononi. "Mama, nimekodi nyumba ufukweni. Siku tatu, zile zile walizotangaza za sherehe ya pono."

"Nani amewatangazia pono?" akauliza Mizna. "Bahari imenuka?"

Swali zuri, ila Mizna mwenyewe hakuweza kulijibu. Tangu homa ya mwaka juzi pua yake ilikuwa imekufa. Ukimfukizia udi anafungua dirisha, akiona moshi anadhani maandazi yameungua. Kwa hiyo ikabidi nami nichukuliwe, niwe pua.

Mizna akamgeukia mumewe. "Baba Ahlam, safari hii utaingia majini?"

Mufarih akajishika magoti. "Nitaingia. Miguu imezeeka, na woga nao umezeeka."

Basi Mizna akafunga mizigo. Sasa elewa: utotoni mwetu kwenda kukaa mahali maana yake ni kuhamia mitendeni kiangazi kizima, na jiwe la kusagia, na mbuzi, na kila kitu. Namna nyingine ya kukaa hakuijua. Akapakia magodoro, mikeka, turubai, chungu cha jiwe, mbuzi wake, na mti wa asumini uliopandwa kwenye debe.

"Mama!" Ahlam alishika kichwa. "Nyumba ina kila kitu! Ina vitanda, ina jiko, ina hata mataulo!"

"Ina mbuzi?"

"Haina mbuzi."

"Basi haina kila kitu."

Kwenye feri mbuzi tulimvika baibui tukamkalisha kiti cha nyuma cha gari, kati yetu. Askari alichungulia, akasema, "Salaam aleikum, mama zangu." Sisi tuliitikia, na mbuzi akaitikia kwa sauti nzuri kuliko zetu. Anayetaka kubisha akamuulize mbuzi.

Siku zile tatu zilipita kama mtu anavyopita usingizini. Bahari ilikuwa nyeupe asubuhi, kijani adhuhuri, na jioni haina rangi kabisa, imelala tu. Sherehe ilikuwapo, ngoma zilikuwapo, pono hawakuwapo. Mufarih alisimama mchangani kutwa, shuka imekunjwa magotini. Kila wimbi likimgusa dole aliruka, kisha akarudi pale pale.

Siku ya tatu mchana watu wakaanza kuondoka. Ahlam akaja na funguo. "Mama, wapangaji wengine wanaingia saa nane. Feri ni alasiri. Twende, tutakuja tena mwakani."

Neno hilo lilimkalisha Mizna chini. Akaniangalia. "Shoga, pua yako nzima. Niambie."

"Mama mdogo," Ahlam akanionya, "leo si siku ya hadithi zako. Sema kweli."

Nikavuta pumzi. Nikasikia harufu ya ufuta wa Mufarih, ya mbuzi, na ya kahawa ya tangawizi ya majirani. Ya matumbawe haikuwapo hata chembe. Nikavuta tena. Nikavuta na ya tatu. Nikamtazama yule mzee kule ukingoni mwa maji anavyoruka na kurudi.

"Imetoka," nikasema. "Ile ile. Siku mbili tu."

"Wallahi?" akauliza Ahlam.

"Mtoto mwenye adabu hamwapishi mama yake mdogo!"

"Tutalala wapi? Nyumba zote zimeshachukuliwa!"

Hapo sote tukaligeukia gari, na ule mzigo ambao Ahlam aliulalamikia. Kabla ya alasiri turubai lilikuwa limesimama, magodoro yametandikwa, chungu kiko motoni, mbuzi amekamuliwa.

"Na shuleni nitawaambia nini?" Ahlam akalia.

"Waambie mama yako anaolewa," akajibu Mizna.

Siku hiyo sikula. Nilikaa nikiiomba bahari inisitiri. Kesho yake, alfajiri, nikaamka nimeshikwa puani: harufu nzito, ya yai bichi na mwani na mvua ya mbali. Nikacheka peke yangu hadi machozi. Kusema siwezi, nilishasema jana.

Pono wakaja siku ya tatu badala ya ya pili. "Hawana saa mkononi," nilimwambia Ahlam. Ghuba iligeuka samawati iliyochafuka. Ukelele ukapigwa, wanaume wakakimbia, na Mufarih akatembea. Maji yakamfika magotini, kiunoni, kifuani. Akaanguka. Mizna alisimama, amebana ncha ya mtandio wake kwa meno.

Mufarih akaibuka. Mikononi ana pono. Nikiwa mbali na hapa husimulia kuwa alikuwa mkubwa kama ndama. Leo nasema kweli, alikuwa kiganja na nusu. Mzee akapanda mchanga polepole, vidole vinatoka damu kwa miiba, akamwekea mkewe mapajani.

"Mizna," akasema, "mwakani imefika."

Mti wa debe ulikuwa umechanua kwa upepo wa chumvi. Mizna akachuma asumini mwenyewe, akazitunga, akajifunga kichwani juu ya mvi, naye Ahlam aliyekuja na malalamiko akawa anamshikia kioo. Tukamchoma pono, akamla wote, hakutupa hata mfupa kwa paka.

Kisha akajinyoosha kivulini, kichwa kwenye goti la Mufarih, ambaye nguo zake zilikuwa bado zinachuruzika. Akaniita kwa kidole.

"Shoga. Pua yangu imekufa, lakini masikio mazima. Siku ile ulivuta pumzi mara tatu."

"Kwani?"

"Aliyenusa kweli havuti ya pili."

Nikatafuta uongo wa kumjibu, mimi ambaye sijawahi kukosa. Nilipoupata, alikuwa ameshazama, usingizi wa pono, na petali moja ya asumini inapanda na kushuka puani pake.