Mfugaji Asiyeimba

Katika wafugaji wote waliokuwa wakilisha baina ya Hulugho na Garissa, Kerrow alikuwa mwanamume pekee aliyeishi na ngamia bila kuwaimbia. Asiyejua ngamia atauliza, kwani hilo nalo ni neno? Ni neno, tena kubwa. Ngamia huimbiwa akienda malishoni, huimbiwa akinywa maji, huimbiwa akikamwa, na asipoimbiwa hununa kama mgeni aliyepewa mgongo. Kerrow aliwaongoza kwa fimbo na kwa kugonga ulimi tu. Kazi ya kukama aliwaachia wengine, kwanza binamu zake, kisha, alipomwoza binti yake Arbia, akamwachia mkwewe Duale, kijana mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni.

Watu walimtania. Walisema siku Mungu alipogawa sauti, Kerrow alikuwa amelala. Yeye alicheka pamoja nao akasingizia koo. Mkewe Shamso aliliamini koo hilo na kulihangaikia miaka nenda miaka rudi: alilipaka mafuta ya mkia wa kondoo, akalinywesha asali ya msituni, akamleta sheikh alisomee Kurani na kupulizia maji ya kunywa. Masikini Shamso! Koo lilikuwa zima kabisa. Ugonjwa ulikuwa umelala chini zaidi, mahali ambapo asali haifiki.

Ulianza zamani za Mwingereza, Kerrow angali mtoto, alipokuwa machungani na kaka yake Ogle. Jioni moja ngamia jike mwekundu alikuwa na wasiwasi, na Ogle akasema, "Mwimbie wewe, mimi nimechoka." Kerrow akamwimbia. Wimbo haujaisha, wezi wa mifugo wakatokea vichakani. Ogle alimsukuma mdogo wake chini ya kichaka, na akiwa pale, uso mchangani, Kerrow alisikia mlio wa bunduki. Wezi waliswaga ngamia wakaenda zao. Yule mwekundu aligoma kufuata. Wazee walipofika walimkuta amesimama juu ya maiti ya Ogle. Ogle walimzika palepale. Hakuna aliyemuuliza mtoto alikuwa akifanya nini, naye hakusema, lakini moyoni alikwisha kata shauri kwamba wimbo wake ndio uliowaita wale watu.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kerrow alishtushwa na sauti yake mwenyewe. Kila alipojaribu kuimba, pumzi ilipanda mpaka kifuani ikasimama, mikono ikawa baridi, na masikio yakaanza kuvisikiliza vichaka. Alioa, akazaa, akaota mvi, na mkewe aliyelala naye kitanda kimoja hakuwahi kusikia hata jina la Ogle.

Kisha vikaja vita vya shifta, wale waliotaka jimbo lijitenge na Kenya. Serikali ikaamuru wafugaji watoke nyikani wakae katika vijiji vilivyozungushiwa miiba, chini ya ulinzi wa askari. Jamaa ya Kerrow ililetwa karibu na Garissa. Ngamia wao wengi waliishia njiani kwa kiu, na aliyefika nao alikuwa mmoja, Gududo, jike mwekundu, mjukuu wa yule aliyesimama juu ya Ogle. Ndama wake alipigwa risasi siku ya kuhama. Risasi ilitoka kwa nani, hakuna aliyethubutu kuuliza.

Ngamia aliyefiwa na ndama hubana maziwa. Wafugaji wana dawa yake: humchuna ndama, hukausha ngozi, huinyunyizia chumvi na kumwekea mama puani. Mama huinusa, huiramba, na akiimbiwa vizuri huachia maziwa. Duale alifanya hivyo, na Gududo akakamwa kila siku bila matata.

Halafu askari wakaja kumchukua Duale pamoja na wanaume wengine wenye nguvu, wakawapeleka mjini kuhojiwa. Watarudi lini, Mungu ndiye ajuaye. Kijijini walibaki wanawake, watoto na wazee. Arbia alikuwa amejifungua mtoto wa kike, akashikwa na homa kali, matiti yakakauka. Mbuzi wa kijiji walikuwa mifupa mitupu. Maziwa pekee yaliyokuwepo duniani kwa ajili ya mtoto yule yalikuwa ndani ya Gududo.

Kwa mila yao mwanamke hakami ngamia, lakini Shamso hakujali mila siku ile. Angemkama hata simba. Alimwekea ngozi, akamwimbia nyimbo zote alizozijua. Gududo, aliyezoea sauti za wanaume tangu azaliwe, alimsikiliza kwa adabu, akainua mguu, akampiga teke la paja. Wazee wa jirani nao aliwafukuza, kwa kuwa hakuzoea mkono wa mtu asiye wa jamaa. Kerrow naye alijaribu kukama kimya, kwa kubembeleza na kugonga ulimi. Gududo aliiramba ngozi na hakutoa hata tone.

Kufikia alasiri ya pili kilio cha mtoto kilikuwa kimepungua. Mtoto anayelia kwa nguvu hatishi mtu. Wa kuogopwa ni yule anayeanza kunyamaza.

"Kerrow," Shamso alisema, "koo liume lisiume, leo utaimba."

"Sitaweza."

"Basi ingia ndani umwambie yeye mwenyewe kwamba babu yake hawezi."

Kerrow hakuingia. Alichukua chombo cha maziwa, akamwendea Gududo aliyekuwa amefungwa karibu na uzio. Alisimama kwa mguu mmoja kama wakamaji wafanyavyo, mguu wa pili ameukunja juu ya goti, chombo kimekaa pajani. Shamso alishika ngozi mbele ya pua ya ngamia. Mzee alifumba macho. Masikio yake yakakimbilia vichakani, ng'ambo ya miiba, kama kawaida yao. Kifuani alikuwa na wimbo mmoja tu, ule wa ukoo wa ngamia wekundu, aliouimba jioni ile akimtaja kaka yake ndani yake.

Sauti ya kwanza ilikuwa mbaya, mkwaruzo mtupu. Ya pili ikafuata.

"Ewe mwekundu, mama wa kiangazi,
Ogle amefika, mfungulie.
Ana kiu Ogle, usimfiche,
Ogle amefika, mfungulie."

Gududo aliinua kichwa. Akaacha kuramba. Kisha akateremsha pua polepole mpaka ikagusa ngozi, akavuta pumzi ndefu, akatoa mguno ambao Shamso aliusikia ukitetemeka ndani ya mikono yake. Watu husema ngamia wa namna hii hudanganywa. Kerrow aliyekuwa ameegemeza paji la uso ubavuni mwake hakumwona aliyedanganywa. Alimwona mama anayejua vizuri kwamba ndama amekufa, anayeinusa mauti yake yote, na hata hivyo chuchu zake zinalainika mkononi mwa mtu. Mwili wa mzee ulisisimka kuanzia kisogoni. Subhanallah, alisema moyoni, kiumbe huyu ameupata wapi moyo huu? Tone la kwanza lilianguka, na la pili.

"Wewe waria! Nyamaza!"

Askari wa zamu alikuja mbio, bunduki mkononi, akimwita kwa jina la dharau ambalo askari waliwaita wafugaji wote. Ilikuwa marufuku kupaza sauti karibu na uzio, wasije watu wa ndani wakawapa ishara watu wa msituni. "Unaita nani?"

"Mimi naimba ngamia, afande," Kerrow alijibu kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Nimesikia jina. Ogle, Ogle! Huyo Ogle ni nani? Yuko wapi?"

Wazee waliokuwa wamechungulia milangoni waliganda. Jina la mwanamume asiyekuwepo kijijini, siku zile, lilitosha kumpoteza mtu. Kerrow angeweza kusingizia lolote. Lakini mkono wake ulikuwa bado kwenye chuchu na maziwa yalikuwa yameanza kurudi juu, na hapakuwa na wakati wa kutunga uongo.

"Ogle iko chini ya mchanga," alisema. "Ni ndugu yangu, ndugu kubwa. Mimi mtoto, mimi naimba hii, hii hii, watu ya kuiba ngamia nasikia, nakuja, nabiga yeye bunduki. Mimi iko chini ya miti. Mimi nasikia."

Shamso aliyekijua Kiswahili cha sokoni vya kutosha alimtazama mumewe juu ya shingo ya ngamia. Koo alilolipaka mafuta miaka yote lilikuwa limesema.

Askari alikuwa kijana, na woga wake ulionekana. Alimtazama mzee, akaitazama ngozi, akatazama nyika. "Sawa," alisema. "Imba tena. Kama ni kweli, hakuna atakayekuja. Na akitoka mtu huko, leo utamwona." Akaelekeza bunduki vichakani, akaiweka begani.

Jambo aliloliogopa maisha yake yote likawa limekuja, limevaa viatu, limesimama hatua chache kutoka kwake. Wimbo, na bunduki, na vichaka. Kerrow akaimba. Aliimba kwa sauti kamili kwa sababu nusu ya sauti isingemtosha Gududo. Alipofika kwenye jina hakulikwepa: Ogle amefika, mfungulie. Upepo ukatikisa majani ng'ambo ya uzio, askari akakaza bega, na Kerrow hakunyamaza. Mzee mmoja aliyepoteza kundi lake lote, akiwa mlangoni kwake, akaanza kuitikia kiitikio kwa sauti ya chini. Mwingine akafuata. Maziwa yalishuka kwa nguvu, yakaanza kutoa povu na ule mlio mzito wa chombo kinachojaa. Kerrow hakuamini kwamba sauti ile ilitoka kwake. Ilikuwa pana kuliko yeye. Wote pale, askari akiwa mmoja wao, walisikiliza nyika.

Hakuna aliyekuja. Yalikuja maziwa tu.

Askari alishusha bunduki, akajifuta uso kwa mkono. "Maliza kabla ya saa ya kuingia ndani," alisema, akaondoka bila kutazama nyuma.

Shamso alikipokea chombo kwa mikono miwili, akaingia nacho ndani. Alimnywesha mtoto kwa kidole, tone kwa tone, mpaka kinywa kidogo kikakumbuka kazi yake na kuanza kunyonya kidole kwa hasira. Arbia alikuwa akilia kitandani. Kerrow alisimama mlangoni, asijue aingie au atoke.

"Ngamia wenu siku ile," Shamso aliuliza bila kugeuka, "hawakuwa na kengele shingoni?"

"Walikuwa nazo. Za mti."

"Wote?"

"Karibu wote."

"Kengele za kundi zima zinasikika mbali sana kuliko mtoto anayeimba, Kerrow."

Katika jioni ile, kila alipoirudia tangu utotoni, palikuwa na sauti yake peke yake na nyika iliyonyamaza kuisikiliza. Kengele hazikuwahi kulia ndani yake hata mara moja. Aliketi kizingitini, akashika kichwa, akazisikia zote.