Ufa Chumbani kwa Bi Bayan

Huku kwetu nyuma ya Ndia Kuu, Muhdhar tulimwita mwoga, na mimi jirani yake wa mlango kwa mlango nilikuwa wa mbele kumcheka. Ni fundi wa cherehani, mpole, baba wa watoto wawili. Binti yake Hiba akipanda ngazi, yeye yuko nyuma amenyoosha mikono. Mdogo, Akil, akikohoa tu, baba keshavaa viatu vya kwenda hospitali.

Mvua za masika zilipoanza mwaka huu, uoga wake ukapata kazi. Ukuta wa chumba cha mamake, Bi Bayan, uliingia ufa kutoka darini hadi dirishani. Nyumba zetu hizi za mawe na chokaa zikinywa maji mengi haziaminiki. Muhdhar akapaka jasi nyembamba juu ya ufa: jasi ikipasuka, ujue ukuta unasogea. Kila asubuhi, kabla ya chai, alikwenda kuitazama, na mkewe Badria akamsoma usoni kabla hajatamka neno.

Wangehama siku ile ile, lakini Bi Bayan alikuwa edani. Mumewe alikuwa amefariki, na mjane wa eda hatoki nje. Sheikh aliletwa, akasema hatari inamruhusu kuhamia nyumba nyengine. Bi Bayan alimsikiliza nyuma ya pazia, akamshukuru vizuri, akabaki pale pale.

"Ikianguka ntatoka," alimwambia mwanawe.

Asubuhi moja jasi ikakutwa imepasuka. Niliwaona wakitoka mbio, Badria na Akil kifuani, Muhdhar akimburura Hiba, wakaja kusimama barazani kwangu. Bi Bayan hakutoka. Mara tukasikia kitu kizito kikianguka ndani, na vumbi likatoka mlangoni. Hapo Hiba akauchomoa mkono wake.

"Bibi yuko peke yake!" akapiga kelele, akarudi ndani.

Muhdhar alimfuata hadi kizingitini, akaishia hapo. Alishika mlango akiita, "Hiba! Ndoo huku, mwanangu! Mama, mlete!" na sauti yake haikuwa ya mtu mzima. Sikumcheka. Mimi mwenyewe nilishindwa kuinuka. Nilikuwa nimefumba macho nikingoja kishindo.

Badala ya kishindo akatokea Bi Bayan. Mwanamke ambaye kwa magoti yake hata kitandani hupandishwa, amembeba mjukuu kiunoni, leso imemwanguka mabegani, nywele nyeupe zimejaa vumbi. Alipita mbele yetu sote mchana kweupe, akaingia kwangu bila salamu.

Kilichoanguka ni kipande cha dari. Ukuta ulibaki umesimama, na hilo ndilo lililomtia Muhdhar hofu zaidi. Alikuwa anamjua mamake. Alasiri, kweli, Bi Bayan akasimama, akajifunga leso yake.

"Nyumba hini haikuanguka. Mumenitoa bure. Narudi."

Muhdhar alikuwa ameshapiga kufuli. Mtu huyu hajawahi kumjibu mamake maishani.

"Huingii, mama."

"Nipa ufunguo. Ama radhi zangu huzipati."

Neno lile kwetu si la mchezo. Hata mtu mwenye wajukuu wake hulikimbia. Muhdhar akaufumbata ufunguo mkononi.

"Nakuogopa, mama," akasema. "Na radhi zako naziogopa kuliko huo ukuta. Lakini huingii."

Bi Bayan akaketi, akaanza kulia, naye hakuwa amelia mbele ya mtu tangu maziko.

"Ukuta siuogopi, mwanangu," alisema. "Naogopa kwenda kukaa pahali ambapo babako hakupata kupaona."

Muhdhar akautia ufunguo mfukoni, akakaa sakafuni miguuni pa mamake, na hakumfungulia.