Nililiandika jina la Bi Zena kwenye safari ya tembo

Kosa ni langu, na sitamtafuta mtu wa kuligawana naye. Nimechoka kukaa nalo, ndiyo maana naliandika hapa bila jina.

Mimi ni mtembeza wageni, kwetu ni Amu, yaani Lamu. Kazi yetu ina vijana wengi kuliko wageni, na sote tunaonyesha ngome ile ile na punda wale wale. Msimu uliopita walinijia mke na mume kutoka Nairobi. Walikuwa wamezunguka mashamba ya zabibu na viwanda vidogo vya bia huko bara, wakionja hapa, wakilala pale.

"Boss, na nyinyi huku mnatengeneza nini?" mume akaniuliza.

Nikamwambia huu ni mji wa Waislamu. Akacheka. "Kwa hivyo minazi yote hii ni ya kivuli?"

Ndipo nikamkumbuka Karisa.

Karisa ni mgema. Alitoka upande wa Kilifi zamani, akakodishwa minazi katika shamba la mama yangu mdogo, Bi Zena, nje kidogo ya Siyu. Asubuhi na jioni hupanda, akakata ncha ya ua la mnazi, akafunga kibuyu, maji matamu yakaanza kudondoka. Yakikaa kidogo yanachacha yakawa tembo, pombe ya mnazi. Yakikaa zaidi yanakuwa siki, na siki hiyo ndiyo Bi Zena hutilia achari yake ya embe. Nyumba nyingi za Siyu hula achari hiyo.

Naomba uelewe adabu ya pale. Karisa akipita na madumu yake, wazee wa barazani humuuliza, "Ni siki hiyo, Karisa?" Naye hujibu, "Siki, mzee." Basi, anapita kwa amani. Kila mtu anajua kwamba madumu mengine hayangoji kuwa siki, yanavushwa kwenda kwa vibarua wa bara. Hakuna anayelisema. Ndani ya sitara hiyo Karisa alilea watoto wake, na Bi Zena akabaki na heshima yake.

Nilivuka na wageni kwa boti, tukashuka gati la Mtangawanda, tukafuata njia ya miguu mpaka shambani. Karisa alinivuta pembeni.

"Wageni wako hawana maneno?"

"Hawana."

Hakuniuliza kama mimi ninayo.

Akawamiminia. Mke alionja, akafumba jicho moja. "Hii ni kama juisi inayotafuta ugomvi."

"Ya asubuhi ni mpole, mama," Karisa akamwambia. "Ngoja jioni, utaikuta imeshakunja mikono ya shati."

Tulicheka sana. Nilirudi Amu nikiwa na hakika kwamba nimepata kitu ambacho mwenzangu yeyote hana.

Mimi ni mtu wa kupanga mambo. Nikiandika, napenda msomaji ajue nani, wapi, kwa vipi. Kwa hiyo nilipotangaza safari yangu mtandaoni nilieleza kila kitu: boti, njia, kisu cha mgema na namna anavyokinoa. Nikamtaja Karisa. Kisha, kwa kuona habari isiyo na mwenyewe haiaminiki, nikaandika kwamba minazi ni ya Bi Zena wa Siyu. Wala sikusita.

Simu zikaanza kuingia. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Kisha Bi Zena akaniita. Nilimkuta ukumbini amekaa na sinia la embe zilizokatwa. Hakunikaribisha chai.

"Wamekuya watu wa msikiti," akasema. "Wamenisomea uloandika."

"Wamekutukana?"

"Wanitukane nini, nao wote huila achari yangu? Wamenisomea tu, wakaniangalia."

"Mama, nitalifuta sasa hivi."

"Na masikioni mwao utalifuta?"

Akageuza vipande vya embe kwa vidole, taratibu, kama anatafuta kilichooza.

"Miaka yote hii mimi nalikuwa siyui," akasema. "Na Karisa ayua kuwa mimi siyui. Tukaishi. Wewe ndiwe ulioniyuza. Sasa nikimwacha aendelee kugema, huwa nimekubali."

Niliondoka pale nikaenda shambani. Karisa alikuwa ameshashusha vibuyu vyote, amevipanga chini ya mnazi. Mkewe alikuwa anafunga magodoro kwa kamba. Watoto walikuwa wamevaa sare za shule, lakini hakuna aliyekuwa anakwenda shule.

"Kaka, umeandika vizuri," akaniambia. "Nimesomewa. Hata kisu changu hukukisahau."

Ningependa angenitukana.

"Unakwenda wapi?"

"Mkokoni, kwa shemeji. Minazi yenyewe si mingi. Lakini nasikia kule mtandao unasumbua."

Akacheka peke yake. Nikashika upande mmoja wa godoro, akaniambia niache, anao watu wa kumsaidia.

Tangazo nililifuta siku ile ile, na safari yenyewe nikaiacha. Haikusaidia kitu. Minazi ya Bi Zena bado ina mikato ya miguu ya Karisa kwenye mashina, na hakuna anayeipanda. Waliokuja kumsomea hawajarudi kumuuliza anaishije.

Wewe unayeishi kwa kuwaonyesha wageni kwenu, nakuomba. Kabla hujamtaja mtu, nenda ukae naye kwanza, umuulize anastirika kwa kitu gani. Usijisemee kwamba hakuna uongo katika ulichoandika. Langu lote lilikuwa kweli, neno kwa neno.

Idi ilipofika, Bi Zena alinitumia chupa ya achari kama kila mwaka. Hakutuma salamu. Nilipoifungua nikasikia harufu ya siki ya dukani, ile ya kuchoma pua. Haikuwa na ladha yoyote ninayoijua. Nimeila yote mpaka chini, kwa sababu sikuwa na uso wa kuibakisha.