Picha ya Visogo vya Puge

Enzi zetu ndege ikipita juu ya kijiji chetu cha Puge tulikuwa tunaikimbiza mpaka kwenye mashamba ya watu, tunaipungia na kuiagiza: niletee gauni, niletee viatu. Hakuna aliyeletewa. Siku hizi mjukuu wangu Emanueli, anayesoma Ulaya, analipa kiingilio kwenye maonyesho ya ndege, anasimama uwanjani kutwa nzima kupiga picha ndege za kivita zinazopaa wima, bila kukimbia kwanza, kama mfuniko wa sufuria ulioinuliwa na mvuke. Likizo hii kaja na kamera yenye mdomo mrefu kama mchi. Akanionyesha tumbo la ndege, moshi wa ndege, mkia wa ndege, halafu mkia tena. Nikamuuliza kwa utani wetu wa bibi na mjukuu, mume wangu, huyu mwenye kofia aliyeingia pembeni ni nani? Hamjui. Na huyu mama? Hamjui. Kasimama na watu bega kwa bega tangu asubuhi, hana jina la hata mmoja.

Mimi nina picha moja tu ya ndege, na kila aliyemo namjua kwa jina, ingawa wamegeuza visogo.

Baba yangu, Maganga, alikuwa amekwenda kukata mkonge Tanga, akiifuata njia ileile ambayo babu zetu walipita na mizigo ya watu kichwani kwenda pwani. Alimwacha mama mjamzito. Mara salamu zikakatika, na wapita njia wakaleta maneno kwamba kapata mwanamke anayempikia wali wa nazi. Mama hakulia mbele yetu. Mdogo wangu Mihayo alipozaliwa alisema, "Akimwona huyu atarudi. Mtoto hana miguu ya kumfuata, basi iende sura yake."

Fundi Salumu, mpiga picha wa Isevya kule mjini, alikuwa akija kwa baiskeli msimu wa mavuno. Mama akamwekea kuku. Siku aliyofika ndiyo helikopta ya jeshi nayo ikatua kwenye uwanja wa kanisa. Kwa nini, hatukuambiwa. Askari walishuka, wakaomba maji, wakanywa. Bibi yangu, binti wa mpagazi, aliizunguka ile ndege akasema chombo kisichokimbia kabla ya kuruka ni kivivu.

Kwenye filamu ya Fundi Salumu kulikuwa kumebaki picha moja. Mama alitaka yeye na Mihayo tu. Kijiji kikakataa. Picha yenyewe ndiyo hiyo, ndege yenyewe ndiyo hiyo, halafu mtu asimame peke yake? Wakati ule picha ilikuwa kama sherehe, hailiwi na mmoja. Watu wakatimua mbio majumbani kujipaka mafuta ya karanga na kuvaa nguo za Pasaka. Mzee Paulo, katekista wetu, akaja na koti la mvua jua likiwaka, maana koti alilokuwa nalo ni hilo. Nyinyi wa leo mnajipiga picha na sahani ya ugali hata mikono hamjanawa.

Fundi akatupanga, mama mbele na mtoto, sisi kumzunguka, ndege nyuma yetu. Akasema, "Atakayetikisika namkata kichwa." Tukakauka kama magogo. Mara nyuma yetu ngurumo. Upepo ukavuma, mitandio ikaruka, karanga za Bi Sada zilizoanikwa zikatawanyika, na kuku wa Fundi akakata kamba akatokomea. Nani angevumilia? Kijiji kizima kiligeuka, na mimi nikiwemo. Ndege ikanyanyuka palepale ilipokuwa imekaa, na tumbo langu likapanda nayo. Mdomo ulijaa vumbi na sikuufunga. Huko nyuma Fundi Salumu akabonyeza.

Picha ilipoletwa kutoka mjini tulicheka mpaka mbavu zikauma. Ndege haimo, ilishapita juu. Ni visogo tu: cha Nyamizi chenye kovu, cha Kulwa na cha Doto vimegusana, cha Bi Sada kinachoinamia karanga zake, cha Mzee Paulo juu ya koti lililovimba upepo, na changu kimenyolewa upara. Katikati yetu uso mmoja, wa mama. Khanga imepeperukia upande, Mihayo kifuani, macho ya mama yameelekea kwenye kamera. Hakugeuka.

Picha ikapelekwa Tanga na kijana wa jirani. Kabla ya mvua baba akaingia uani, picha ikiwa mfukoni. Akasema, "Mke wangu, kijiji kizima kimenipa kisogo. Wewe peke yako hukunipa." Mama akamwonyesha ndoo ilipo, akaoge.

Mama alikufa hajaona ndege ya namna ile ikipaa. Tukiwa tunapepeta mchele alikuwa akiniuliza, "Kalunde, hivi ilipaaje?" Namwinulia ungo polepole, tunacheka.

Basi juzi nikamuuliza Emanueli vilevile: mume wangu, ilipaaje? Akasema, "Subiri bibi, nitafute video." Nikamwambia aiache video, aniambie yeye, tumbo lilimfanyaje. Akasema hajui, jicho lilikuwa kwenye kamera, anahangaika ndege isimponyoke kwenye picha.

Kumbe naye hakuiona. Mama yangu pia hakuiona, ila mama alikuwa anamtazama mtu.