Shati Lililorudi Safi

Mwezi uliopita nilitoka Columbus kwenda Cheektowaga kwenye harusi ya binamu yangu, nikapita mtaa tuliokulia. Nyumba ya jirani yetu, mama mzee wa Kipolandi, imepakwa rangi ya kijivu, na wanaoishi humo siwajui. Nilisimamisha gari, nikakaa tu.

Unajua, tulifika pale kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania nikiwa mdogo. Wazazi walishinda kazini kwenye maghala, kwa hiyo nikitoka shule mimi na bibi yangu tulikuwa kwa jirani. Jikoni mwake kulinukia kabichi na vitunguu vya kukaanga. Wale wazee wawili walikanda unga, wakaujaza viazi, wakachemsha. Kwa lugha hawakuelewana. Mkalimani nilikuwa mimi, kwa Kiingereza changu cha shuleni.

Siku moja polisi walisimamisha gari nje ya nyumba ya mbele. Jirani alinivuta kutoka dirishani, akashusha pazia. Bibi yangu naye alikuwa ameshainuka kufunga mlango. Wakatazamana.

"Muulize, walimchukua nani?" bibi akaniambia.

Nikauliza. Akasema ni baba yake. Alikuwa mwalimu. Wanazi walipoikalia nchi yao walifunga shule, naye akawa anafundisha watoto nyumbani kwa siri, mpaka wakamkamata. Kila wiki mama yake alipeleka shati safi kwenye lango la gereza, akapewa lile chafu akafue. Siku moja askari akamrudishia lile lile safi, limekunjwa vile vile alivyolikunja yeye. Hakuambiwa neno.

"Mama alilifua hata hivyo," akasema.

Nilitafsiri polepole, maneno mengine nikiyatafuta. Bibi alisikiliza, mikono ikiwa kwenye unga.

"Mwambie kwamba babu yako naye walimchukua, na shati lake mwilini. Mimi sikurudishiwa kitu."

Nikamwambia. Jirani alivuta kiti chake karibu na cha bibi, wakaendelea kujaza viazi, mabega yakigusana.

Bibi alipofariki, jirani alikaa kanisani kwenye benchi la mbele, katikati ya wanawake wa kwetu, na hakuna aliyemuuliza anafanya nini pale. Baadaye naye akafariki.

Mtaa bado ni ule ule, theluji ile ile kando ya barabara. Ila siku ile niliutazama wote, na sikuona nyumba hata moja ambayo ningeingia bila kubisha hodi.