Nilimtungia Marehemu Mama Wosia Ili Kumkomoa Kaka

Nilikosea. Sitazunguka. Nilidanganya kuhusu maneno ya mwisho ya mama yangu mzazi, tena jeneza lake likiwa bado uani, na sababu ilikuwa moja tu: nilitaka kumkomoa kaka yangu. Usinihurumie. Nisikilize tu.

Mimi ni kitinda mimba wa boma letu, hapa Malinya. Kaka ndiye mkubwa. Baba alipofariki, kipande cha shamba kilicho kando ya barabara nilikilima mimi na mke wangu, miaka yote. Karatasi zilibaki kwa kaka. Sikuona ubaya wowote, si ni ndugu yangu? Mjinga mimi!

Halafu ikaja kampuni fulani kutoka Nairobi. Ilitaka kutujengea zahanati yenye wodi ya kina mama kujifungulia. Mtu asikudanganye kwamba ilikuwa huruma. Kampuni ikijenga kitu cha umma mahali ambapo watu hawajiwezi, serikali inaipunguzia kodi. Sisi tungepata zahanati, wao wangepata nafuu yao, na mimi sikuwa na neno na hilo. Huku kwetu mama mwenye uchungu hubebwa kwa bodaboda hadi Kakamega mjini. Mvua ikinyesha, Mungu tu ndiye anayejua.

Kamati ikamchagua kaka kuwa mwenyekiti. Shamba likatakiwa. Kaka akatoa lipi? Langu! Hata hakuniuliza. Nilitoka sokoni siku moja nikakuta watu wanapigilia vigingi katikati ya mahindi yangu, mahindi ambayo ndiyo kwanza yalikuwa yanabeba.

Nikaenda barazani kulalamika. Kaka akaniangalia, akacheka, akawaambia watu, "Huyu ni mtoto wa mwisho. Yeye anakulanga tu obusuma, ugali ya mama. Mambo ya shamba atajulia wapi?"

Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Mke wangu alikuwa amekaa pale pale, anasikia. Nikakaa chini, na tangu siku hiyo nikawa natafuta tu mahali pa kumpiga.

Aliyenionyesha mahali ni dada mmoja wa ile kampuni, bila yeye kujua. Alisimama siku hiyo hiyo akaeleza kwamba shamba lazima likabidhiwe kaunti, liwe la umma kabisa, lisiwe na kesi wala kaburi. "Pakiwa na kaburi, hiyo familia bado iko na haki hapo," alisema. "Kibali cha nafuu ya kodi hakitatoka. Na bila kibali, sisi hatujengi."

Kaburi! Nilirudi nyumbani na neno hilo moja tu.

Mama alikuwa mgonjwa wakati huo, na haikuchukua muda akafariki. Nilimpenda mama, jamani. Tuliishi naye, mke wangu ndiye aliyemwogesha na kumlisha. Na mama alituambia wazi, zaidi ya mara moja, kwamba anataka kulazwa kando ya baba, nyuma ya nyumba ya zamani.

Wazee wa ukoo walipokaa kupanga mazishi, wakaniuliza mimi niliyekuwa naye mwisho kama aliacha neno. Nikasimama. Nikasema mama alitaka azikwe kando ya barabara, pale kwenye mahindi, ili wapita njia wawe wanamsalimia.

Mke wangu akanigeukia. "Baba Nekesa, mama alisema hivyo lini?" akaniuliza polepole. Nikamkata jicho hadi akainamisha kichwa.

Nilitegemea kaka apinge, tuzozane mbele ya watu. Hakupinga! Huku kwetu nani atabishana na neno la marehemu? Alilia tu, akasema, "Kama ni mama amesema, basi."

Nilipoona kaburi linachimbwa katikati ya vile vigingi, haki ya Mungu, nilifurahi. Nilifurahi siku ya kumzika mama yangu!

Watu wa kampuni wakaja, wakaona, wakaenda zao. Zahanati ikajengwa Khwisero, na nasikia ni nzuri. Kamati ikavunjika, uenyekiti wa kaka ukaishia hapo. Nikawa nampita njiani nikipiga mluzi.

Lakini mtu mwenyewe hakujua kama amepigwa! Kila Jumapili akitoka kanisani alipitia kaburini, kisha akaja kwangu kunishukuru. "Ndugu yangu, ungenyamaza tungemzika mama mahali hakutaka." Ananishukuru! Nilitaka kumrukia nimwambie ni mimi, ni mimi niliyekumaliza, lakini ningemwambiaje?

Mwaka uliofuata uchungu ukamshika mke wangu saa nne asubuhi. Mvua ilikuwa imeharibu barabara. Kaka alipanda naye bodaboda, akamshikilia kwa nyuma asianguke, mimi nikifuata kwa pikipiki nyingine. Walikwama mara mbili, nikashuka kusukuma. Tulipofika mjini, daktari akasema mtoto amechoka. Alikuwa msichana. Hakulia.

Tuliporudi nyumbani kaka alikaa nasi. Alikuwa na matope hadi magotini. "Laiti ile zahanati ingejengwa," alisema. "Lakini tungefanya nini? Mama alikuwa ashasema."

Mke wangu alingoja kaka atoke. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Sasa umemkomoa nani?"

Wewe unayesoma haya, kama una ndugu aliyekudharau, mwendee. Mtukane. Mpeleke kwa chifu, mpeleke kortini, hata mpigane ngumi sokoni muaibike wote wawili! Lakini usimsemee maiti. Maiti hawezi kurudi kukukana, na utabaki na uwongo wako hadi wewe mwenyewe ufukiwe.

Mke wangu amerudi kwao na watoto. Amesema atakuja siku nitakapomwambia kaka ukweli. Hii ni wiki ya sita. Kaka yuko hapo tu, ng'ambo ya ua, namsikia akikohoa, na bado nashindwa kwenda, kwa sababu nikimwambia atanisamehe, na mimi bado sijamsamehe.