Namba za Ghala la Mikumi

Saa moja na dakika arobaini na mbili asubuhi simu yangu iliita. Nilikuwa ofisini Kilosa, chai iko mezani bado inatoa moshi, na aliyepiga alikuwa mtunza ghala letu la Mikumi, mama aliyenizidi umri kwa miaka kumi na zaidi. Dakika nazikumbuka kwa sababu huwa naziandika. Nina daftari la kazi ambamo kila simu inaingia na saa yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Umeamkaje?"

"Salama. Habari za huko?"

"Huku kuzuri. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na mwenzio?"

"Hajambo, mama."

"Haya. Sasa, hilo wingu lako limeninunia."

"Limenunaje?"

"Tangu saa moja kamili nimepima magunia ishirini ya watu wa Malolo. Mizani inaonyesha kilo, kompyuta inaonyesha kilo, lakini ule mstari wa chini umeandika 'haijatumwa'. Yote ishirini. Nimezima, nimewasha. Nimeomba mpaka Baba Yetu."

"Mnada ni saa ngapi?" Nilikuwa najua. Niliuliza ili nipate muda wa kufikiri.

"Unaniuliza mimi? Saa nne. Orodha inafungwa saa tatu na nusu."

Chama chetu cha ushirika kina maghala sita. Wakulima wanaleta ufuta, unapimwa, na uzito unasafiri kwa intaneti hadi kwenye seva tunazokodi. Seva hizo, ambazo mama huziita wingu langu, ziko Dar es Salaam, katika jengo ambalo sijawahi kuliona. Ninachokiona mimi ni ukurasa kwenye kioo cha kompyuta: jina la kituo chetu cha data, chini yake kundi la seva, na chini ya kundi zile kompyuta zisizo na umbo, zinazoishi ndani ya seva na kufanya kazi kama kompyuta za mezani. Ukitaka kuongeza nguvu hushiki bisibisi. Unajaza fomu.

Siku moja kabla ya simu ile nilikuwa nimejaza fomu hiyo. Msimu ulikuwa umechanganya, na kundi la kwanza lilikuwa linaelemewa kila mara maghala yote yakipima kwa pamoja. Kamati ilinikubalia niongeze kundi la pili, klasta kama mafundi wanavyoliita, lenye seva tatu. Nikalipatia jina, nikachagua idadi, nikaandika namba za mtandao, nikabonyeza. Baada ya saa tatu hivi lilikuwa tayari. Nikahamishia humo kumbukumbu za Mikumi, ghala kubwa kuliko yote, nikajaribu kwa kompyuta yangu ya Kilosa, likajibu. Saa kumi na moja jioni niliandika kwenye daftari "Limekamilika", nikaenda nyumbani nimeridhika.

Kanuni ya mnada wetu ni kwamba mzigo hauingii kwenye orodha mpaka mtunza ghala authibitishe asubuhi ile ile, na programu haikubali kuthibitisha mpaka mizani zote za ghala zijibu. Ghala lisilothibitishwa linasubiri mnada wa wiki inayofuata. Mikumi kulikuwa na kilo elfu sitini na moja na mia nne za ufuta, za Malolo zikiwamo. Bei ya wiki ile ilikuwa nzuri, na wanunuzi wenyewe walikuwa wanasema waziwazi kwamba haitakaa.

Nilifungua ukurasa wangu. Kila taa ilikuwa ya kijani. Seva tatu zilikuwa hai, zimetulia, hazina hata kazi ya kufanya, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Saa moja na dakika hamsini nikampigia fundi wa kampuni tunayokodi kwake. Ni binti ambaye namjua kwa sauti tu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Nina tatizo, na nina saa moja na dakika arobaini."

Nikamweleza. Akauliza mambo mawili matatu, nikasikia anachapa, kisha akasema, "Baba, vile vifaa vya ghalani Mikumi vinatumia namba zipi?"

Nikafungua daftari, ukurasa wa kumi na mbili, nikamsomea. Nikasikia anachapa tena.

"Nisomee tena, baba. Taratibu."

Nikasoma tena. Kabla sijafika katikati nikajisikia mwenyewe. Zilikuwa ndizo namba nilizoandika jana yake kwenye fomu ya kundi jipya.

Kila kifaa kwenye mtandao kina namba, kama nyumba mtaani. Kompyuta ya Mikumi ilikuwa inaandika barua kwenda kwa seva namba kumi na moja iliyoko Dar es Salaam. Lakini pale pale ghalani palikuwa na mizani yenye namba hiyo hiyo. Kwa hiyo barua haikutoka hata mlangoni. Kompyuta ilidhani mwenye barua yumo ndani, ikampelekea mizani, na mizani haijui kusoma. Nilipojaribu kutoka Kilosa nilijibiwa kwa sababu namba za ofisi ya Kilosa zilipangwa na fundi mwingine kabla yangu, nazo ni tofauti.

Kosa hili lina asili yake, na asili yenyewe naiheshimu. Nikiwa na miaka kumi na tisa niliajiriwa kwenye stoo ya shamba la mkonge, shamba lile lile lililomleta babu yangu kutoka kusini kuja kukata. Mzee wa stoo alikuwa na stoo ndogo nne, mbali mbali, na zote alizipanga sawasawa: rafu ya kwanza majembe, ya pili mapanga, ya tano nguo za kazi. Alisema ukihamishwa kesho, mikono yako iwe inajua tayari. Sikuwa na cheti chochote cha maana, lakini kwake nilijifunza kwamba vitu vikipangwa, hata mtu ambaye hakusoma sana anaweza kuaminiwa navyo. Miaka mingi baadaye nilijifundisha mambo ya mitandao kwa kitabu kilichokatika jalada, nikikisoma na kamusi pembeni, na nilipopewa maghala sita niliyapanga kama stoo za mzee. Ruta namba moja. Printa namba tano. Mizani kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Kila ghala vivyo hivyo. Ghala lolote lingepiga simu, ningelijibu bila kufungua daftari. Fomu ya kundi jipya iliponiuliza namba, mkono wangu uliandika zile zile.

Stoo za mzee hazikuwahi kuunganishwa. Hakuna aliyesimama ndani ya stoo moja akaagiza jembe kutoka nyingine. Maghala yetu nayo yalikuwa hayajawahi kuonana, kwa sababu kila moja lilikuwa linapitia mlango wake wa nje. Mikumi ndilo lilikuwa la kwanza kuunganishwa moja kwa moja na kundi la seva.

Kuna jambo lingine. Jana yake, kabla sijabonyeza, yule binti alikuwa ameniuliza, "Namba hizi hazitumiki sehemu nyingine, baba?" Nami nikamjibu, "Namba zangu nazijua, mwanangu." Akasema, "Sawa, baba." Kazi yake ilimtaka aulize mara ya pili. Lakini binti wa umri ule atamuulizaje mara ya pili mtu mzima wa umri wa baba yake, aliyekwisha kusema kwamba anajua? Asubuhi ile "sawa, baba" yake niliisikia upya, nikaona nilivyokuwa nimemfungia mlango.

Hakusema "nilikuuliza". Mpaka leo hajasema. Alisema, "Baba, tuna njia tatu. Tukifuta kundi na kulijenga upya, itachukua muda wa saa tatu. Tukiirudisha Mikumi kwenye kundi la zamani, kunakili kumbukumbu peke yake ni zaidi ya hapo. Au tubadilishe namba za ghalani. Nani yupo Mikumi?"

Toka Kilosa hadi Mikumi kwa barabara yetu hufiki kabla ya saa nne na nusu. Kupitia mtandao nisingeweza kuingia, maana mtandao ndio uliokatika. Mikumi alikuwapo mama, miwani yake na simu yake.

Nilimpigia saa mbili na dakika kumi na nane. Nyuma yake malori ya barabara kuu yalikuwa yanapiga honi.

"Mama, naomba tubadilishe namba za vifaa saba. Mimi nasoma, wewe unabonyeza."

"Kwanza naandika."

"Mama, muda..."

"Sibonyezi kitu ambacho sijakiandika. Mimi nimesoma shule ya misheni Mamboya, wewe umesoma wapi? Soma."

"Mizani ya kwanza. Kumi, nukta, arobaini, nukta, tano, nukta, kumi na moja."

"Nukta ndiyo ile ya kumaliza sentensi?"

"Hiyo hiyo."

"Namba gani hii, inamaliza sentensi kila baada ya neno moja. Haya, nakusomea." Akanisomea yote, na nukta zake. Kisha ya pili. Kisha ya tatu, na hapo akanisimamisha.

"Rudia hiyo."

"Kumi, nukta, arobaini, nukta, tano, nukta, kumi na mbili."

"Hiyo umeshanipa. Kumi na mbili ni mizani ya pili. Au unataka ziwe pacha?"

Nilikuwa nimeharakisha, nikataka kutoa namba moja kwa vifaa viwili, kosa lile lile lililotufikisha pale. Kama angekuwa anabonyeza huku nasoma, lingeingia. Alilikamata kwa sababu lilikuwa mbele yake kwa penseli.

"Kumi na tatu, mama. Samahani."

"Umekunywa chai?"

"Bado."

"Ndiyo maana. Endelea."

Kuandika kulichukua dakika kumi na moja. Nimeziandika, na siku hizi sizihesabu kwamba zilipotea. Kisha akaanza kubonyeza, kifaa kimoja kimoja, akisoma kwa sauti kila tarakimu inayotokea. Mizani ya kwanza ikakubali, ya pili ikakubali. Ya tatu ilikataa mara mbili kwa sababu kitufe kimoja kilikuwa kimejaa vumbi la ufuta, akakisafisha kwa ncha ya kanga. Printa. Kompyuta ya kwanza. Yule binti alikuwa kwenye simu yangu nyingine, anabadilisha njia upande wake, ananiambia "tayari" kila hatua. Ilikuwa saa tatu na dakika saba.

"Subiri," mama akasema.

"Kuna nini?"

"Nyani kaingia."

Nikasikia kiti kinaburuzwa, ufagio unagonga bati, na sauti yake: "Toka! Toka wewe, mwizi mkubwa! Weka chini!"

"Mama?"

"Nipo. Kaondoka na chapati yangu. Nilikuwa sijaila hata kidogo." Akavuta pumzi. "Kompyuta ya pili. Nasoma."

Ruta tuliiacha ya mwisho. Alipoizima na kuiwasha tukasubiri sote watatu, yeye Mikumi, mimi Kilosa, binti Dar es Salaam. Kisha mama akaanza kusoma. Hakusema "imekubali" wala "tayari". Alisoma mstari kwa mstari, huku akilinganisha kilo na daftari lake: gunia la kwanza, imetumwa, la pili, imetumwa, la tatu, imetumwa. Nilitaka kumwambia athibitishe tu, tuokoe dakika. Nikaziba mdomo. Alisoma yote ishirini, na yote yalilingana.

"Nathibitisha," akasema.

Kwenye kioo changu jina la Mikumi likaingia kwenye orodha ya mnada. Saa tatu na dakika ishirini na moja.

"Haya," mama akasema. "Wingu lako limecheka. Sasa kanywe chai."

Kabla ya kukata simu ya pili nilimwambia yule binti, "Mwanangu, siku nyingine nikikujibu haraka, niulize tena."

"Nitakuuliza mara tatu, baba. Halafu nitaomba radhi."

Kwa wiki mbili zilizofuata nilipita ghala moja hadi jingine, nikayapa kila moja namba zake. Mpango wa mzee wa stoo sikuutupa. Printa bado ni tano kila mahali, ruta bado ni moja, lakini mbele yake sasa kuna namba ya ghala, na daftari langu lina kurasa sita za namba badala ya mmoja. Nadhani mzee angelikubali hilo, maana hata yeye alikuwa na funguo nne tofauti.

Mikumi nilikwenda mwisho. Nikamkuta mama ameandika namba mpya kwa chaki juu ya kila kifaa, kwa mwandiko wa kufundishwa, nukta zake nene. Nikampa shikamoo na chapati kumi alizopika mke wangu. Akazihesabu, akafunga mlango kwa komeo, akatazama dirisha, ndipo akala moja. Zilizobaki akazifungia kwenye kabati la stakabadhi.

Mzigo wa Mikumi ulinunuliwa wote siku ile ile. Kwenye mnada wa wiki iliyofuata bei ilishuka kwa shilingi mia moja themanini kila kilo, na haikupanda tena msimu ule. Kamati ilinitaka niandike taarifa ya tukio. Niliandika kosa kuwa ni langu, nikaeleza swali nililoulizwa na jibu nililotoa, nikaeleza kazi ya mama wa Mikumi na ya fundi wa Dar es Salaam. Mwisho wa fomu palikuwa na mstari wa fedha zilizopotea au kuokolewa. Nikapiga hesabu mara mbili kwa mkono, nikaisoma kwa sauti, kisha nikaijaza: zimeokolewa shilingi milioni kumi na moja na elfu hamsini na mbili.